Akaunti ya gemu huibwaje, na funguo zake ziko wapi

Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupata ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii". Tumeuzoea hadi umegeuka utani wa vijiweni. Tunaucheka kwa sababu tunajua unavyofanya kazi: aliyeutuma hakujui, wala hajui kama una hela ya kumtumia mtu yeyote. Ametupa wavu kwa watu elfu moja, akijua kwamba miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa anasubiri namba ya mwenye nyumba ili alipe kodi.

Sasa mchukue huyo huyo anayecheka. Mpe akaunti ya Steam (duka la gemu la mtandaoni) aliyoilea miaka sita, yenye gemu alizonunua moja moja kila mshahara ukitoka, na bunduki zake za Counter-Strike zenye skini, yaani mapambo ya silaha, za bei. Usiku mmoja rafiki anayecheza naye tangu zamani anamwandikia: "Kaka, nisamehe sana. Kuna tapeli nilikuwa namripoti, nikakosea nikakuripoti wewe. Wamesema akaunti yako inafungwa leo leo. Mtafute huyu jamaa wa Steam umwambie kosa ni langu." Chini yake kuna jina la mtu wa Discord, programu ya gumzo ya wachezaji.

Hapo kicheko kinakata.

Huyo "jamaa wa Steam" ana picha yenye nembo ya kampuni, anaandika kwa adabu na anakupa namba ya kesi. Anataka kwanza kuhakikisha kwamba akaunti ni yako, kwa hiyo mtumie picha ya risiti ya gemu uliyonunua. Umetuma. Kisha anaomba ubadilishe kwa muda barua pepe ya akaunti, uweke ya "idara ya ukaguzi", au umsomee herufi na tarakimu tano zinazoonekana kwenye programu ya Steam simuni mwako. Wengine wanaomba kadi za zawadi, eti wathibitishe kwamba njia yako ya malipo si ya wizi, halafu watarudisha. Muda wote huo rafiki yako yuko pembeni anakubembeleza: "Fanya haraka kaka, najisikia vibaya." Baada ya dakika ishirini akaunti si yako.

Tazama kilichotokea. Hakuna seva iliyovunjwa, hakuna mdukuzi aliyekesha akiandika programu kwenye skrini nyeusi kama wa kwenye filamu. Kila kitufe amekibonyeza mwenye mali. Valve, kampuni yenye Steam, imeshasema kwamba wafanyakazi wake hawamfuati mteja kwenye gumzo la Steam wala Discord. Huduma kwa wateja iko kwenye tovuti yao, na wewe ndiye unayeifuata. Lakini ukweli huo unausoma ukiwa umetulia. Ujumbe ule umetengenezwa ili usitulie.

Wazazi huuliza, na swali ni la haki: nani ahangaike hivyo kwa ajili ya mchezo wa watoto? Anahangaika kwa sababu kuna hela. Agosti 2013 Counter-Strike: Global Offensive ilileta skini za silaha ambazo mchezaji anaweza kumuuzia mwenzake, na baadhi yake leo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Kitu kisichoshikika, kinachohamishwa kwa kubonyeza, kisicho na namba ya chesesi wala kadi ya umiliki, ni neema kwa mwizi. Desemba 2015 Valve wenyewe waliandika kwamba kila mwezi akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zinatekwa na kukombwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Ujaze wote, na bado elfu kumi na saba wamebaki getini. Kila mwezi. Na walioibiwa hawakuwa wageni wa mjini tu: Valve walitaja hata wachezaji wa kulipwa na wafanyabiashara wa skini.

Mwaka 2020 kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida, alikamatwa kwa kuwa kinara wa uvamizi wa Twitter, ule uliozichukua akaunti za Barack Obama na Elon Musk na kuomba watu bitikoini. Waandishi walipofuatilia historia yake waligundua alianzia kwenye Minecraft, kuwatapeli watoto wenzake vitu vya ndani ya gemu. Gemu ndiyo ilikuwa gereji aliyojifunzia ufundi.

Seva haikujui sura

Makosa mengi yanaanza na picha mbaya kichwani. Tunaiwaza akaunti kama sanduku, na nywila kama kufuli lake. Kwa hiyo ukiwa na nywila ngumu, basi umelala salama. Akaunti si sanduku. Ni kumbukumbu iliyoandikwa kwenye kompyuta ya kampuni, mbali, na kompyuta hiyo haikujui sura. Inamkubali yeyote anayekuja na ushahidi. Nywila ni ushahidi mmoja. Kuna mwingine ambao watu hawaujui kabisa, na kuna mwingine unaozishinda zote mbili. Mwizi hana haja ya kukusanya vyote. Anachukua ule uliouacha nje.

Tuanze na nywila, kwa kuwa ndiyo inayojulikana.

Nywila huibwa kwa ukurasa bandia. Unaletewa linki: pigia kura timu yetu kwenye mashindano, chukua zawadi ya dola 50, angalia huyu anayetumia jina lako. Ukurasa unafunguka ukifanana na wa kweli hadi kivuli cha kitufe. Tofauti iko mahali pamoja tu, kwenye anwani, na hapo ndipo macho yetu ni mavivu. Andika herufi r na n zikiwa zimebanana, rn, halafu zitazame kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ni m. Ndiyo maana kuna kurasa nyingi zilizosajiliwa kwa jina la "stearncommunity", na watu wazima wenye digrii wamezipita bila kushtuka.

Anwani husomwa kinyumenyume. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya "https://", usimame hapo, kisha rudi kushoto. Mkia, yaani .com au .xyz, pamoja na neno lililoutangulia, ndilo jina la mwenye nyumba. Vilivyobaki kushoto kwake ni mapambo ambayo mwenye nyumba anaweza kuandika apendavyo. Kwa hiyo steamcommunity.com.zawadi-za-leo.xyz/ingia si mali ya Steam hata kidogo. Ni mali ya zawadi-za-leo.xyz. Ni kama kibanda kilichopakwa bango la "Benki Kuu ya Tanzania, Kwa Mangi". Mwenye kibanda ni Mangi. (Kwa mikia yetu ya .co.tz na .co.ke, hesabu mkia kuwa ni sehemu zote mbili, halafu chukua neno lililo kabla yake.)

Matapeli walipoona watu wameanza kusoma anwani, wakaja na ujanja ambao mimi binafsi nauvulia kofia. Machi 2022 mtafiti mmoja wa usalama alionyesha kwamba unaweza kuchora dirisha ndani ya dirisha. Unajua zile tovuti zinazokwambia "Ingia kwa Steam", kikaruka kidirisha kidogo chenye anwani yake na alama ya kufuli? Kidirisha hicho kinachorwa chote ndani ya ukurasa: upau wa juu, kufuli, na anwani sahihi kabisa ya Steam isiyo na kosa la herufi hata moja. Anwani hiyo ni picha tu, kama saa iliyochorwa kwa kalamu mkononi mwa mtoto. Kufikia Septemba mwaka huo kampuni ya Group-IB ilieleza jinsi mbinu hiyo ilivyokuwa ikitumika kuwavua wachezaji wa Steam kwa mialiko ya kujiunga na timu za mashindano.

Kuna njia ya kukikamata. Kishike kidirisha kwa kipanya ukiburute kitoke nje ya ukingo wa kivinjari. Dirisha la kweli litatoka. La kuchora litagota ukingoni kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Au shusha chini kivinjari chote: kidirisha kikizama nacho, ni mchoro. Kwenye simu huwezi kuburuta, kwa hiyo huko kanuni ni fupi zaidi: usiingie kwa linki uliyotumiwa. Fungua Steam mwenyewe, ingia huko, kisha rudi kwenye tovuti ile. Ikiwa ni ya kweli, itaona umeshaingia, itakuonyesha jina na picha yako, na haitauliza nywila.

Programu ya kutunza nywila nayo inasaidia kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Tunaambiwa inakumbuka nywila ndefu, sawa. Faida yake kubwa ni kwamba haidanganyiki kwa sura. Inalinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi, na isipolingana inanyamaza, haijazi kitu. Siku inaponyamaza kwenye ukurasa unaodhani unaujua, usianze kuiandika nywila kwa mkono huku ukiilaumu programu.

"Lakini mimi nina OTP, ile namba ya kuthibitisha." Vizuri, na usiiondoe. Ila elewa inazuia nini. Inamzuia aliyeipata nywila yako jana. Haimzuii anayeipokea sasa hivi. Ukurasa bandia wa kisasa hukaa katikati kama dalali: unaandika nywila, unaipeleka kwa Steam wa kweli muda huo huo; Steam anaomba namba ya uthibitisho, ukurasa nao unakuomba; unaiandika, inapelekwa. Namba za Steam hubadilika kila sekunde 30, na kwa mashine sekunde 30 ni kutwa nzima. Msimbo wa QR nao una mchezo huo huo: ukurasa bandia unakuonyesha msimbo halali ulioombwa na mwizi, wewe unauskani, unabonyeza kukubali, na umemfungulia yeye. Kabla ya kukubali, soma programu inachokwambia kuhusu mahali ombi linakotoka. Kama uko Mwanza na ombi linatoka nchi usiyoijua hata kwenye ramani, umejibiwa.

Kinga inayomshinda dalali huyu ipo, inaitwa ufunguo wa siri (passkey), ule unaouthibitisha kwa alama ya kidole au PIN ya simu bila kuandika nywila. Nguvu yake haiko kwenye kidole. Iko kwenye ukweli kwamba ufunguo umefungwa kwenye jina la tovuti moja, na kifaa chenyewe ndicho kinachokagua jina hilo. Kwenye ukurasa bandia hautoki, hata ukiulazimisha. Google, Roblox na PlayStation wanaukubali. Kama una dakika kumi leo, anza na Google. Sababu itaonekana mbele.

Bangili ya karatasi

Ushahidi wa pili ni huu usiojulikana. Ukishaingia kwenye akaunti, seva haitaki kukuuliza nywila kila unapofungua ukurasa. Inakupa kitu kama ile bangili ya karatasi ya kwenye matamasha: umelipa getini mara moja, umefungwa bangili, sasa unatoka kununua mishikaki na kurudi bila kuulizwa tiketi. Kwenye kivinjari bangili hiyo ni faili dogo linaloitwa kuki. Mwenye nayo anapita. Haulizwi nywila, haulizwi OTP, kwa sababu vyote hivyo ni maswali ya getini, na yeye ana bangili.

Roblox wanalijua hili kiasi kwamba kuki yao ya kuingilia inaanza kwa onyo lililoandikwa ndani yake: usimpe mtu yeyote, kwani ukimpa ataweza kuingia kama wewe na kuiba Robux (hela za ndani ya gemu hiyo) na vitu vyako. Ni faili ambalo mtu wa kawaida hatalifungua maishani, na bado waliweka onyo. Waliliweka kwa ajili ya yule mtoto wa miaka kumi ambaye mtu wa kwenye video anamwelekeza hatua kwa hatua: bonyeza hapa, fungua hapa, nakili maandishi haya marefu, yabandike kwenye ukurasa wangu, upate Robux za bure.

Mtu mzima naye anaporwa bangili bila kuelekezwa. Juni 2021 kampuni ya Electronic Arts, ile iliyokuwa ikitengeneza FIFA inayochezwa kwenye kila kibanda cha PlayStation kuanzia Tandika hadi Eastleigh, iliibiwa data nyingi, ukiwemo msimbo chanzo wa FIFA 21, yaani maandishi yanayoijenga gemu. Wezi walisema walianza kwa kununua kuki iliyoibwa kwa dola 10. Iliwaingiza kwenye gumzo la wafanyakazi. Huko wakamwambia mtu wa kitengo cha kompyuta kwamba wamepoteza simu kwenye sherehe, wakapewa njia ya kuingilia. Shilingi za chips mayai na soda kwa watu wachache, wakatoka na FIFA.

Kuki kama hizo zinavunwa na programu za wizi zinazouzwa kama bidhaa ya kawaida, kwa malipo ya mwezi, zina hata huduma kwa wateja. Moja iliyoitwa RedLine ilivamiwa na polisi wa Uholanzi pamoja na wenzao wa nchi nyingine Oktoba 2024. Nyingine, Lumma, Microsoft walisema Mei 2025 kwamba waliiona kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows ndani ya miezi miwili. Zinaingiaje? Kwa mlango ambao vijana wetu wanaujua vizuri: gemu iliyochakachuliwa, chiti ya kuona maadui nyuma ya ukuta, modi ya kuongeza sarafu. Video inayokuelekeza jinsi ya kuisakinisha huwa na sentensi moja ambayo peke yake ingetosha kukukimbiza: "Kwanza zima antivairasi." Programu ikishawashwa inafanya kazi kwa sekunde chache, inachota kuki na nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, inazituma, inaisha. Wewe unaona tu gemu imegoma kufunguka. Na usidhani duka rasmi ni ngao kamili: Februari 2025 gemu ya bure iitwayo PirateFi iliondolewa Steam yenyewe baada ya kugundulika imebeba programu ya aina hiyo, na walioicheza wakashauriwa wafikirie kuifuta Windows nzima na kuisakinisha upya.

Jambo linalotokana na hapa hukosewa kila siku. Ukishaibiwa kuki, kubadilisha nywila tu hakutoshi, kwa sababu bangili inaweza kuendelea kupita. Tafuta kile kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote, ndicho kinachokata bangili zote. Na usibadilishe nywila ukitumia kompyuta ile ile iliyoambukizwa. Utakuwa unamsomea mwizi nywila mpya.

Kuna wizi mwingine wa Steam unaostahili aya yake. Mwizi aliyeingia mara moja haibi chochote. Anatengeneza kwenye akaunti yako ufunguo wa API, ambao kazi yake halali ni kuziruhusu programu zisome mambo ya akaunti, kisha anatulia hata wiki tatu. Siku unapomuuzia mtu kisu cha thamani cha ndani ya gemu, roboti yake inaona ofa, inaifuta, na papo hapo inatuma nyingine kutoka akaunti yenye jina na picha ile ile ya mnunuzi wako. Unafungua simu kuthibitisha, unaona sura unayoitegemea, unakubali. Kisu kimekwenda, na umekipeleka mwenyewe. Fungua steamcommunity.com/dev/apikey, kama kuna ufunguo na hukumbuki kuutengeneza, ufute leo. Na unapothibitisha mauzo usitazame picha, tazama akaunti hiyo ilijiunga lini na iko ngazi gani. Picha inanakiliwa, miaka kumi ya kujiunga hainakiliwi.

Gmail ni ya nani?

Mpwa wangu alipofaulu kidato cha pili alinunuliwa simu. Muuzaji, kijana mchangamfu, akamsaidia kuiwasha: akamfungulia Gmail, akaweka nywila "ili usisumbuke", akaweka namba yake mwenyewe ya simu kama ya kurejeshea kwa kuwa laini ya mtoto ilikuwa bado haijasajiliwa. Mtoto akapakua gemu ya kufyatuliana risasi, akabonyeza "Ingia kwa Google", akacheza mwaka mzima. Siku simu ilipogoma, ikabidi irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, ikauliza nywila ya Gmail. Hakuna aliyeijua. Duka lilikuwa limehama. Ngazi zote, nguo zote za mhusika wake, na diamondi alizonunua kwa hela za sikukuu vilikuwa vinaning'inia kwenye namba ya simu ya mtu ambaye hatukuwa na jina lake.

Huyo muuzaji hakuwa mwizi. Na bado alikuwa mmiliki halisi wa akaunti ile, kwa sababu barua pepe ndiyo ushahidi unaozishinda nyingine zote. Anayeishika barua pepe anabonyeza "nimesahau nywila" na kupewa akaunti kwenye sahani. Hapa kwetu maelfu ya watu wanatumia Gmail waliyofunguliwa na fundi wa simu, na ndiyo sababu nasema anza na Google: jua nywila yako, iweke mpya, tazama namba na barua pepe ya kurejeshea ni za nani, na tazama orodha ya vifaa vilivyoingia. Ukikuta Tecno usiyoijua, itoe.

Namba ya simu nayo ina mambo yake. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa kampuni huifunga, na baadaye namba hupewa mteja mwingine. Kama ndiyo iliyo kwenye akaunti yako, OTP zako zinakwenda kwa mtu wa Songea ambaye hata hachezi gemu. Halafu kuna wanaohamisha laini ya mtu kwa kitambulisho cha kughushi au kwa kumhonga wakala. Dalili ni simu yako kukosa mtandao ghafla huku ya jirani inashika. Tanzania unaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa OTP, programu ya simuni ni bora kuliko SMS, na SMS ni bora kuliko kukaa bila kitu.

Kuna mlango ambao huwezi kuufunga wewe: mfanyakazi wa kampuni. Januari 2022 Electronic Arts walikiri kwamba akaunti za FIFA Ultimate Team zisizofika 50, za wachezaji wakubwa wenye majina, zilichukuliwa baada ya matapeli kuwabana wahudumu wa wateja hadi wakaruka hatua za uthibitisho na kubadilisha barua pepe za wenye akaunti. Unachoweza kufanya ni kuwanyima matapeli maneno ya kumwambia mhudumu. Risiti, namba ya muamala, picha ya skrini yenye barua pepe yako: vitu hivyo ndivyo mhudumu anavyoviulizia, na ndivyo watu wanavyoviposti wakijivunia manunuzi.

Hii inatuleta kwenye biashara ya akaunti, ile ya kwenye makundi ya WhatsApp na Telegramu: "Akaunti ya Free Fire, ngazi 70, elfu themanini, mwenye hela aje inboksi." Naisemea kwa ufupi kwa sababu hakuna cha kutatanisha. Aliyeifungua akaunti ana risiti ya kwanza, ana barua pepe ya kwanza, na huduma kwa wateja ikiulizwa itamwamini yeye. Anaweza kukuuzia Jumatatu na kuirudisha Ijumaa, nawe huna pa kulalamika kwani masharti ya michezo mingi yanakataza kuuziana. "Mtu wa kati anayeaminika" mara nyingi ni laini ya pili ya muuzaji yule yule. Na kama wewe ndiye unayeuza, ujumbe wa malipo uliotumiwa kama picha si malipo. Angalia salio.

Ikishakwenda

Saa ya kwanza ina thamani kuliko wiki itakayofuata. Tumia kifaa kingine unachokiamini. Nenda kwanza kwenye barua pepe: badilisha nywila, toa vifaa vigeni, kisha fungua mipangilio utazame kama kuna kanuni ya kusambaza au kuficha barua. Wezi hupenda kuweka kanuni inayotupa barua za kampuni ya gemu moja kwa moja kwenye taka ili usione onyo. Ndipo uende kwenye gemu, utoke kwenye vifaa vyote, ubadilishe nywila, ufute ufunguo wa API, uondoe simu ya uthibitisho isiyo yako. Kama umefungiwa nje, fungua tiketi kwenye tovuti rasmi ukiwa na ushahidi mkononi: risiti ya zamani kuliko zote, njia ya malipo, barua pepe ya awali. Akaunti mara nyingi hurudi. Skini zilizohamishwa ni habari nyingine. Valve kwa kawaida hawazirudishi. Tangu Julai 2025 kuna nafuu kwa Counter-Strike 2, ambapo biashara inaweza kutenguliwa ndani ya siku saba, kwa hiyo usisubiri siku ya nane kujua kwamba umeibiwa.

Namba ya tapeli iliyokutumia SMS, Tanzania, itume kwenda 15040. Wizi wa akaunti ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya wana ya kwao ya 2018. Polisi wa kituo cha karibu anaweza kukuuliza bunduki iliyoibwa ilikuwa ya aina gani, na kueleza kwamba ni ya kwenye gemu kutachukua muda. Kama kuna hela halisi iliyohamishwa kwa simu, anzia hapo, hiyo anaielewa.

Ukiandika mtandaoni kwamba umeibiwa, ndani ya dakika chache watakujia watu wenye ushuhuda: "Mimi pia niliibiwa, mtafute huyu Instagram, alinirudishia kwa saa mbili." Ni wezi wale wale au binamu zao, wanaojua kwamba aliyetapeliwa mara moja bado hajatulia.

Halafu chukua simu uwapigie rafiki zako wa kwenye gemu, kwa sauti, mmoja mmoja. Yule aliyekuandikia usiku ule kwamba amekuripoti kwa makosa hakuwa yeye. Akaunti yake ilikuwa imeshachukuliwa kabla ya yako. Na muda huu unaposoma hapa, jina lako na picha yako vinamwandikia mtu mwingine: "Kaka, nisamehe sana."